Mtandio wa mama mkubwa: makosa niliyofumua na niliyoyaacha

Watu wa kufuma kwa mkono tukikutana swali hili halichelewi, ukiona kosa chini huko na mistari imeshapita mingi unafumua au unaacha? Na majibu huwa mawili, kuna wanaosema kazi yenye kosa sio kazi, fumua mpaka ulifikie, na kuna wanaosema acha bwana nani ataona. Mi kwenye sweta niko na hao wa kwanza mpaka leo, sweta ya mtoto ikikosewa bega haivaliki. Ila lesi, kile kitambaa cha matundu matundu, ni kitu kingine kabisa, na aliyenifundisha hilo ni mama mkubwa, dada yake mama, japo alinifundisha akiwa ameshatutoka. Aliacha mtandio ukiwa bado uko kwenye sindano na familia ikanipa mimi niumalizie.

Mama mkubwa alikuwa mtu wa Njombe, na Njombe mnaijua, karibu mita 2,000 juu ya bahari, Juni na Julai asubuhi unakuta barafu nyeupe imelala juu ya majani, kwa hiyo kule sweta sio fasheni ni maisha. Alifundishwa kufuma na masista akiwa binti na hakuacha tena, amefuma sweta za wajukuu, soksi, kofia, vitambaa vya makochi, mpaka kila nyumba ya ukoo wetu ina kitu cha mkono wake. Lesi alianza ukubwani, pale mdogo wake mmoja aliyekuwa anafanya kazi Scotland alipomletea uzi mweupe wa sufu, mwembamba sana, madonge kadhaa, pamoja na karatasi ya mtindo wa visiwa vya Shetland, kule kule Scotland. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, yeye akakaa nayo akaigeuza yote kuwa mchoro kwenye daftari la hesabu lile la miraba, duara ni tundu, mkwaju (/) ni kuunganisha vitanzi viwili, mraba mtupu unafuma kawaida. Lile daftari ninalo.

Kwa ambaye hajawahi kufuma lesi nieleze kidogo maana bila hapo huko mbele hatutaelewana. Tundu kwenye lesi halitobolewi, linatengenezwa kwa kuzungusha uzi juu ya sindano bila kufuma chochote, hapo umeongeza kitanzi kimoja. Ukiongeza lazima mahali pengine upunguze, ndo unaunganisha viwili viwe kimoja, la sivyo kitambaa kitazidi kupanuka. Mtindo aliokuwa anafuma ni ule wa mawimbi wa Shetland, unaenda kwa vitanzi 18 na mistari 4, na kazi yote iko kwenye mstari wa tatu tu: unaunganisha mara tatu, alafu tundu na kitanzi, tundu na kitanzi, mara sita, alafu unaunganisha tena mara tatu. Matundu sita, kuunganisha sita, mwisho unabaki na 18 zako. Mtandio ulikuwa na mafungu matano kwa upana, yaani vitanzi 90, na vinne vya ukingo kila upande, jumla 98. Ukimaliza mstari ukahesabu 97 ujue kuna mahali, na uzuri wake ni kwamba unajua ni fungu lipi, unahesabu 18, 18, 18, ukikuta 17 umelishika.

Sasa ule mtandio ulivyonifikia ulikuwa kwenye mfuko wa plastiki, umezunguka kwa watu kipindi cha msiba, na sindano moja ilikuwa imechomoka upande, vitanzi vimeachia. Nikautandaza kitandani nikaanza kuukagua toka chini kabisa mpaka juu, taratibu, kwa tochi ya simu. Makosa yalikuwepo, na sio moja wala mawili. Nia yangu ilikuwa niyaorodheshe nijue nifumue mpaka wapi.

Ila nilivyozidi kuangalia nikagundua kitu. Kuna fungu moja chini huko ambapo kati ya matundu sita moja lilikuwa dogo, limebana, utadhani limetobolewa na sindano ya cherehani. Nikaligeuza nyuma nikaona kilichotokea, alisahau kuzungusha uzi pale, akaligundua kwenye mstari wa kurudi, basi badala ya kufumua akaunyanyua ule uzi mlalo ulioko katikati ya vitanzi viwili akaufuma kama kitanzi. Hesabu ikarudi 18, tundu likapatikana ila dogo kwa sababu uzi wake umekopwa kwa majirani. Mbele yake kidogo kuna kipepeo, sisi tunaita kipepeo ile sehemu matundu yanapochanua, kilichokuwa na matundu matano badala ya sita kabisa kabisa, na hapo aligundua amechelewa zaidi, maana kitanzi cha sita kimeongezwa kwenye mstari wa kawaida uliofuata, pembeni, mahali ambapo ni shida kukiona. Na juu zaidi kuna sehemu aliunganisha mara nne badala ya tatu na upande wa pili akaunganisha mara mbili tu, wimbi likalala kidogo upande wa kushoto, ila hesabu 18.

Yaani kila kosa nililolikuta chini lilikuwa na jibu lake juu. Hakuna fungu lililobaki 17. Huyu mama hakuwa amekosea bila kujua, aliona, akakaa akapima, hili linaweza kusubiri, hili nalirekebisha hapa hapa bila kurudi nyuma, akaendelea. Macho yake miaka ya mwisho yalikuwa na mtoto wa jicho, familia ilikuwa inasema masikini alikuwa anafuma tu kwa mazoea haoni anachofanya, na mimi nilikuwa nimeliamini hilo. Kitambaa kilikuwa kinanionyesha kingine. Alikuwa anahesabu. Aliyekuwa haoni vizuri alihesabu kwa vidole kila mstari na kila kosa alilikamata, tena mara nyingi ndani ya mstari mmoja au miwili. Siwezi kueleza vile nilivyojisikia, nilikaa pale kitandani muda mrefu naupitisha ule mtandio mkononi, nahesabu na mimi.

Hapo ndo wazo la kufumua lilipoishia, angalau kwa sehemu ile. Maana nikifumua lile tundu dogo nisahihishe, siondoi kosa tu, naondoa na lile alilolifanya baada ya kosa, na hilo la baada ndo kazi yake haswa, ndo ufundi wenyewe. Mtu yeyote mwenye macho mazima na mchoro mzuri anaweza kutoa matundu sita. Kurudisha hesabu bila kurudi nyuma huku uzi ni mwembamba kama nywele na macho yana ukungu, hapana, hilo sio la kila mtu.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba nasema makosa yote yaachwe. Pale juu karibu na sindano hali ilikuwa tofauti kabisa. Mstari wa mwisho uliishia katikati, na vitanzi vilivyoachia sindano ilipochomoka vilikuwa vimeanza kushuka, kimoja kimeporomoka mistari mitano. Kitanzi kilichoachia kwenye lesi hakina subira, kwenye sweta ya uzi mnene kinaweza kukaa wiki nzima palepale, ila kwenye uzi mwembamba wenye matundu kinateleza upesi kwenda chini, na ukiuosha mtandio kikiwa hivyo utatoa kitu kingine kabisa ndani ya beseni. Hilo sio kosa la kuvumilia, na wala halikuwa lake, ni la mfuko wa plastiki na kuhamishwa hamishwa. Kimoja alikuwa amekishika mwenyewe kwa pini ya nepi, ameipitisha kwenye kitanzi akaifunga, kumaanisha alikiona na alipanga kukirudia. Kile nilikipandisha kwa kulabu ya krosheti, kilikuwa sehemu ya kufuma kawaida isiyo na matundu, unashika ngazi moja unaivuta ndani ya kitanzi, unashika nyingine, mpaka juu. Vile vingine vilikuwa katikati ya vipepeo, na hapo kulabu haisaidii, huwezi kujua uzi upi ulikuwa tundu na upi ulikuwa wa kuunganisha.

Kwa hiyo mistari michache ya mwisho niliifumua. Kitanzi kimoja kimoja, sikuvuta uzi, nilikuwa naingiza sindano kwenye kitanzi cha chini ndo naachia cha juu, mpaka nikafika mstari wenye 98 kamili. Ile ilikuwa mistari yake ya mwisho kabisa duniani na sikuifumua kwa wepesi, nilimpigia mama kwanza, akaniuliza haiwezekani ikabaki, nikamwambia ikibaki mtandio wote utafunguka ukivaliwa. Akasema basi fumua mwanangu lakini uzi wake usiutupe. Sikuutupa, ule ule uzi ndo nilioanza nao kufuma sehemu yangu, una mikunjo mikunjo ya kufumwa mara ya kwanza na inaonekana kabisa ukiwa mkononi, ukiloa inanyooka.

Hapo kwenye 98 nikapitisha uzi wa pamba wa rangi kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya mkono. Huu ni uzi wa kinga, ukikosea juu yake hata ukichomoa sindano kila kitu kinasimama pale pale. Kila baada ya mawimbi kadhaa napitisha mwingine. Ambaye anaanza lesi na hajui hii kitu naomba aishike leo, ni bure na inaokoa machozi mengi.

Kuna jambo la mkono pia. Mama mkubwa alikuwa anafuma kwa kulegeza, mimi nabana, na nilivyofuma wimbi langu la kwanza, mpaka kati ya mkono wake na wangu ukaonekana waziwazi, sehemu yake laini yangu ngumu. Alitumia sindano za milimita 4, nikapanda mpaka 4.5 ndo tukakaribiana, sio sawa kabisa lakini tulikaribiana. Na uzi wenyewe, donge lililokaa wazi lilikuwa limechukua rangi ya maziwa kwa nje na ndani lina weupe wake, nikawa nachanganya, mistari miwili donge hili, miwili lile, ili lisitokee tabaka la rangi ghafla.

Dada, binti wa mama mkubwa ambaye ndo mtandio ulikuwa wake, hakukubaliana na mimi mwanzoni. Yeye alitaka vyote vifumuliwe nianze upya kwa uzi ule ule, kwa sababu aliona watu watautazama kanisani na kusema mama alikuwa hajui. Kwake ilikuwa ni kumlinda mama yake, na hilo naliheshimu mpaka kesho. Sikubishana naye kwenye simu, nilisubiri akaja nyumbani nikamtandazia nikamshika kidole nikakiweka kwenye lile tundu dogo, nikageuza upande wa pili, nikamwonyesha uzi ulivyonyanyuliwa. Nikamwambia dada hesabu hapa. Akahesabu 18. Hesabu na hapa. 18. Tukaenda hivyo mpaka juu, yeye sio mfumaji lakini kuhesabu anajua, amefanya kazi ya kuhesabu hela za watu miaka mingi. Mwisho akaniambia malizia kama ulivyo.

Nikifikiria huko uzi na mtindo ulikotoka naelewa pia kwa nini watu wana hofu na kosa. Shetland wanawake walifuma lesi kwa ajili ya kuuza, na zamani wengi hawakulipwa hela taslimu, walilipwa majani ya chai, vitambaa na vitu vya dukani kwa yule yule mfanyabiashara aliyechukua shali, mpaka mwaka 1872 serikali ya Uingereza ikatuma uchunguzi kuhusu malipo ya namna hiyo kule visiwani. Kisiwa cha Unst ndo kilisifika kwa zile laini kuliko zote, sufu inanyofolewa kwa mkono shingoni mwa kondoo, inasokotwa nyembamba mpaka shali zima linapita kwenye pete ya ndoa. Mtu anayefuma usiku ili kesho apate chai na unga, kosa kwake lina bei, mnunuzi akiliona anashusha. Hofu ya namna hiyo ni halali kabisa. Sasa sisi tumerithi ile hofu hata pale ambapo hakuna mnunuzi, mtandio wa mtu na binti yake tunaukagua kama tuko dukani, na hapo ndo nadhani tunajiumiza bure.

Ukingo wa kumalizia alikuwa hajaufikia, ila mchoro wake alishauchora kwenye daftari, ukingo wa vichongo, yaani ncha za meno meno, unaofumwa kwa ubavu, unaanza na vitanzi 9, kila mstari wa mbele unaongeza kimoja mpaka 13, alafu unafunga vichache unarudi 9, hapo kichongo kimoja kimekamilika. Mchoro wake unasema funga 3. Nikafuma kipande cha majaribio pembeni kama ninavyofanya siku zote, kichongo cha pili kikaanza na 10, cha tatu 11, ukingo unazidi kuota upana. 13 toa 3 ni 10, haiwezi kurudi 9, ni kufunga 4. Hapa sikufikiria mara mbili, nilifunga 4 vichongo vyote pande zote mbili. Kosa la mkono linakaa mahali pamoja tu, kosa la kwenye mchoro linajirudia kila kichongo na kwa kila atakayelitumia daftari baadae, na yeye mwenyewe angelifikia angelikamata kabla ya kichongo cha tatu, huyo mama alikuwa anahesabu.

Alafu ikaja kuosha na kuvuta, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanahukumu lesi yao kabla ya hatua hii na wanafumua vitu ambavyo havikuwa na shida. Lesi ikitoka kwenye sindano haina sura, imejikunja, matundu yamefumba, mawimbi hayaonekani. Usiangalie makosa siku hiyo. Sufu ina tabia yake, ikilowa vizuri vile vishikizo vidogo ndani ya unywele wake vinaachia, ukiivuta ikakauka ikiwa imevutwa vinashika upya kwenye umbo jipya, ndo maana lesi ya sufu inakaa ulivyoiweka mpaka uiloweshe tena. Uzi wa akriliki ambao ndo umejaa madukani kwetu haunywi maji namna hiyo, ule unahitaji mvuke wa pasi, pasi isiguse, na ukizidisha umelegea moja kwa moja haurudi.

Nililoweka kwenye beseni maji ya uvuguvugu, shampuu ya mtoto kidogo sana, nusu saa hivi, bila kusugua. Maji ya moto na kusugua vinafanya nywele za sufu zishikane, mtandio unageuka blanketi na hakuna dawa. Maji ya suuza nayo yawe na joto lile lile. Kuutoa unaubeba wote kwa mikono miwili kutokea chini, sufu inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake na ukiishika bado ukadhani ni kavu, sasa ikiloa chepechepe ni nzito, ukiinua kwa ncha moja uzi unaweza kukatika. Nikauviringisha kwenye taulo nikakandamiza kwa miguu, alafu kwenye godoro nilishatandika shuka la miraba, miraba ndo inanisaidia kuona kama mstari umenyooka. Pini ni za fundi cherehani zile zisizoshika kutu, hakikisha, doa la kutu kwenye sufu nyeupe halitoki. Kila kichongo pini yake, unavuta kidogo upande huu, unaenda upande wa pili, unarudi kuvuta tena. Dada alikuwepo, yeye akashika upande wake na mimi wangu. Ilikuwa kipindi cha mvua kwa hiyo nilikiacha chumba kimefungwa mpaka ukakauka kabisa kabisa, ukitoa pini ukiwa bado na unyevunyevu unarudi nyuma.

Matundu yalipofunguka tukatafuta makosa. Lile tundu dogo lilipovutwa lilikopa uzi tena kwa majirani, likapanuka, mpaka dada hakulipata bila kuelekezwa. Wimbi lililolala kushoto lilinyooka kwa sehemu kubwa. Kile kipepeo cha matundu matano kipo, hicho kinaonekana ukijua pa kuangalia, kiko chini upande wa kulia, na mpaka wa mkono wake na wangu nao upo ukiupeleka dirishani. Dada ameuvaa kanisani tangu hapo na aliyemwuliza nani kakufumia anamjibu mama, alafu kamalizia mdogo wangu.

Mabinti ninaowafundisha Jumamosi wanaanza na ule ule mtindo wa mawimbi kutoka kwenye daftari la mama mkubwa, kwa uzi mnene kwanza na sindano za milimita 5, fungu mbili tu kwa upana, 36 na ukingo. Sheria niliyowapa ni kuhesabu kila wakimaliza mstari wa tatu. Ukikuta pungufu usiguse kitu, niite kwanza tuangalie kama kuna kilichoachia. Kama kimeachia tunakishika papo hapo. Kama ni tundu limesahaulika namwambia anyanyue ule uzi mlalo, aendelee, asifumue, na baada ya kuosha ndo tutakaa tuliangalie pamoja. Na wakifika ukurasa wa vichongo, pale palipoandikwa funga 3 nimeweka 4 kwa penseli pembeni, waifuate hiyo 4.